Makazi Kando ya Maji: Nasaha kwa Aila Ihamiayo Miji ya Mlima Kenya

Lipo swali moja ambalo madalali wa nyumba na ardhi wa Kenol, Nyeri na Nanyuki hawakosi kuulizwa na watu wajao kutoka ng'ambo pamoja na wake, waume na watoto wao, nalo ni hili: mtaa upi ulio karibu na maji, wenye utulivu na usalama, unafaa kuwa maskani ya watoto wanaokwenda shule? Waulizao ni wa namna nyingi. Wamo wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Wamo waganga wa hospitali za misheni, kama vile Mathari ya Wakonsolata na Tumutumu ya Wapresbiteri. Wamo watumishi wa hifadhi za wanyama za Laikipia, na aila zinazoandamana na kikosi cha mafunzo cha jeshi la Uingereza kilichoko Nanyuki. Na wamo, wala si haba, Wakenya wenzetu waliokaa miaka mingi London, Minneapolis au Maskati, wanaorejea katika nchi ya wazazi wao wakiwa na watoto waliozaliwa ugenini, na ambao kwa hesabu ya mazoea ni wageni sawa na wageni wengine. Makala haya ni jibu langu kwao, na kwa jamaa na rafiki zao walio hapa, ambao aghalabu ndio wanaotumwa kuwatafutia nyumba kabla wenyewe hawajafika.

Haja ya kukaa karibu na maji si haja ya kulaumiwa, kwa maana nchi yenyewe humshawishi mtu. Mlima Kenya, ambao kilele chake kina urefu wa mita 5,199, na safu ya Nyandarua inayoukabili kwa upande wa magharibi, ni mama wa mito mingi ya baridi, hata msafiri atokaye Kenol kwenda Nanyuki huvuka daraja baada ya daraja, na chini ya kila daraja husikia maji yakinguruma juu ya mawe. Chania, Gura, Ragati na Sagana hutelemka upande wa kusini na kuutia nguvu mto Tana, ambao hukata nchi kavu mpaka Bahari ya Hindi. Naro Moru, Burguret, Nanyuki na Likii hutelemka upande wa kaskazini na magharibi, ikaingia katika Ewaso Ng'iro, mto ambao haukujaliwa kuiona bahari, bali hupotelea katika vinamasi vya Lorian. Katika baadhi ya mito hii wakoloni walitia samaki aina ya trauti waliotolewa ng'ambo, nao samaki hao wamekaa mpaka leo, kwa kuwa trauti hapendi ila maji safi, ya baridi na yaendayo mbio. Mtu aliyelelewa katika miji mikubwa ya saruji, aonapo maji ya namna hii yakipita chini ya bustani, hupata tamaa ya haki ya kuyafanya kuwa jirani yake.

Tamaa hiyo ina historia ndefu katika nchi hii, na historia yenyewe imewapoteza wengi. Bwana Baden-Powell, mwasisi wa skauti, alijengewa nyumba ndogo iitwayo Paxtu katika viwanja vya hoteli ya Outspan mjini Nyeri, juu ya bonde la mto Chania, akakaa humo tangu mwaka 1938 hadi alipofariki dunia Januari 1941, na kaburi lake liko Nyeri. Baada yake nyumba ile ile ikakaliwa na Jim Corbett, mwindaji na mwandishi mashuhuri wa India, aliyefika Kenya mwaka 1947 pamoja na dada yake, naye akazikwa Nyeri mwaka 1955. Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alitunukiwa nyumba ya Sagana, kando ya mto wa jina hilo hilo karibu na Kiganjo, kama zawadi ya arusi, na ilikuwa katika nyumba hiyo, tarehe 6 Februari 1952, alipopewa habari ya kifo cha baba yake. Vitabu vya kuwaongoza watalii havichoki kuyasimulia hayo, na mgeni ayasomaye huhitimisha kwamba ukingo wa mto katika nchi ya Nyeri ni makazi yaliyokwisha kuthibitishwa na watu wakubwa. Lakini tuwatazame watu hao kwa makini. Baden-Powell alikuja akiwa mzee wa miaka themanini na zaidi. Corbett na dada yake walikuwa watu wazima wasio na watoto. Na Elizabeth alilala pale siku chache tu, akiwa njiani, ilhali watoto wake wawili amewaacha Uingereza. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mtoto wa kuamshwa alfajiri, kuvishwa sare na kufikishwa darasani kabla ya saa mbili. Makazi yao yalikuwa makazi ya kupumzika, na makazi ya kupumzika hayawezi kuwa kipimo cha makazi ya kulea.

Na wale masetla waliokuwa na watoto walifanyaje? Walijenga mashamba yao kando ya mito, kweli, lakini watoto wakiisha kufikisha umri wa miaka saba au minane waliwapeleka katika shule za bweni, kama ile ya Pembroke House iliyofunguliwa Gilgil mwaka 1927, au ile ya Mtakatifu Andrea iliyofunguliwa Turi mwaka 1931, au shule za serikali za Nairobi. Nyumba nzuri ya mtoni ilikuwa ya watoto wakati wa likizo tu. Katika miezi mingine mto ulipita ukiwatumbuiza wazazi peke yao. Aila za leo, kwa sehemu kubwa, hazitaki kuishi hivyo, na mimi naziunga mkono. Mzazi aliyesafiri bara na bahari akiwa na watoto wake, akawatenga na babu na bibi, na lugha ya nyumbani na marafiki, hana sababu ya kuwatenga tena na mama na baba katika mwaka ule ule wa kwanza wa ugeni. Na ikiwa mtoto atalala nyumbani kila siku, basi hukumu ya kwanza juu ya mtaa haitolewi na mto, hutolewa na barabara iendayo shule.

Hapa ndipo ninapoitaja Kenol, kwa kuwa ni mji wetu na ni lango la nchi hii yote. Kenol iko katika kaunti ya Murang'a, yapata kilomita 65 kutoka Nairobi, mahali ambapo barabara ya kwenda mjini Murang'a huachana na ile iendayo Sagana, Karatina na Nyeri. Ilianza kama njia panda yenye kituo cha mafuta, ambacho jina la kampuni yake likawa jina la mji. Leo barabara kuu ya njia mbili kila upande, kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua, yenye urefu wa kilomita 84, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2020, imeigeuza njia panda hiyo kuwa mji wa maghorofa, na mashamba yaliyoizunguka yamekatwa vipande na kuuzwa kwa watu wa Nairobi na wa ng'ambo. Matangazo ya kuuza ploti husema maji na stima zipo, na mara nyingine huongeza kwamba ploti inatazamana na bwawa. Ni kweli kwamba upande wa Makuyu na mashamba makubwa ya parachichi, makadamia na mananasi yapo mabwawa mengi. Lakini mabwawa hayo yamechimbwa kwa ajili ya kunywesha mimea, ni mali ya wenye mashamba, na maji yake hupanda na kushuka kwa haja za kilimo. Anayenunua mandhari ya bwawa la mtu mwingine amenunua kitu kisicho katika hati yake.

Tena ipo habari ya shule, ambayo kwa mgeni ni nzito kuliko habari ya bwawa. Mtoto akiwa atasoma mtaala wa Kenya, Kenol na vitongoji vyake vina shule za kutosha, za serikali na za binafsi, na Thika haiko mbali. Lakini mzazi lazima afahamu mtoto anaingia katika ngazi gani. Mtihani wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa mtoto husoma gredi sita za msingi, kisha gredi ya 7 hadi ya 9 za sekondari msingi, ambazo kundi la kwanza liliziingia Januari 2023, kisha gredi ya 10 hadi ya 12 za sekondari pevu, ambazo zilianza Januari 2026. Fauka ya hayo, Kiswahili ni somo la lazima, si mapambo. Mtoto aliyetoka London au Maryland akaingizwa gredi ya 6 ataulizwa ngeli na vitenzi kana kwamba amezivuta pamoja na maziwa ya mama, na wazazi wengi, hata Wakenya waliorejea, hawalifikirii jambo hili mpaka ripoti ya muhula wa kwanza imewafikia. Dawa yake ni nyepesi ikianzwa mapema: mwalimu wa jioni, na watoto wa jirani wa kucheza nao. Katika miji hii ya mlimani wapo watu wa mitaa ya Majengo, Nyeri na Nanyuki, ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani mwao tangu enzi za mababu, na sioni walimu bora kuliko wao.

Mtoto akiwa atasoma mtaala wa Uingereza, ili aendelee alipoachia au ili aweze kurudi baada ya mkataba wa mzazi kwisha, basi Kenol inampa mtihani mgumu, kwa kuwa shule nyingi za mtaala huo ziko Nairobi na viunga vyake, na safari ya kwenda na kurudi kila siku humla mtoto saa ambazo angecheza, angelala au angesoma. Nyeri inayo Mount Kenya Academy karibu yake. Nanyuki inayo shule ya Braeburn. Kwa hiyo nasema, na nalisema kwa yakini: itafutwe shule kwanza, nafasi ya mtoto ithibitishwe kwa maandishi, kisha ichorwe duara ya mwendo wa nusu saa kuizunguka shule hiyo, na ndani ya duara hiyo ndimo mto utafutwe.

Ukiisha kuingia katika duara hiyo, utakuta kwamba si kila maji ni maji mamoja. Yapo maji yaendayo na yapo maji yakaayo, na kwa aila yenye watoto tofauti baina ya hayo mawili ni tofauti ya siha. Mito ya juu, ya Nyeri yenye kimo cha yapata mita 1,750 na Nanyuki yenye kimo cha karibu mita 1,950, ni ya baridi na yenye kasi, na baridi hiyo hiyo inayomfanya mtoto apige kelele akitia mguu ndiyo inayowanyima mbu wa malaria nguvu ya kuzaana na kukomaza vijidudu vyao. Kadiri mtu anavyotelemka kutoka Kenol kuelekea Makutano, Mwea na Masinga, hewa hupata joto, maji hupunguza mwendo, na mambo hubadilika.

Mwea ni mfano ulio bayana. Skimu ile ya mpunga, iliyoanza mwaka 1954 kwa jasho la mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari, ni hazina ya taifa, na mchele wake wa pishori hauna mshindani mezani kwetu. Lakini mashamba ya mpunga ni maji yaliyosimama juu ya ardhi ya joto, na mifereji yake ni makao ya konokono anayebeba kichocho. Mtu hupata maradhi haya si kwa kuyanywa maji, bali kwa kuyakanyaga au kuyaoga, kwani kijidudu hutoka katika konokono na kupenya ngozi. Na waathirika wakubwa ni watoto wa umri wa shule, kwa sababu hao ndio wachezao majini. Dawa ipo, iitwayo prazikwanteli, na hugawiwa shuleni, lakini aliyetibiwa leo akirudi mferejini kesho huambukizwa upya. Simwambii mgeni aiogope Mwea, wala simdharau mkulima wa Mwea, ambaye ananilisha. Namwambia mzazi tu kwamba nyumba ya kupangisha iliyo ukingoni mwa mfereji, hata ikiwa kodi yake ni nusu ya kodi ya Nyeri, si nyumba ya mtoto asiyeweza kuzuiwa kuvua viatu.

Masinga ni habari nyingine tena. Bwawa hilo, lililokamilika mwaka 1981 na ambalo likijaa hutanda kilomita za mraba 120, ndilo ziwa kubwa tulilo nalo upande huu, na machweo yake ni ya kupendeza kupita kiasi. Wapo wanaouza ploti kwa jina lake. Lakini ziwa hilo lina mamba na viboko, ukingo wake husogea mamia ya hatua baina ya kiangazi na masika, na shule ya aina anayoitaka mgeni haiko karibu. Ndakaini, kwa upande wa pili, iliyoko juu katika Gatanga katikati ya majani ya chai, na ambayo huhifadhi mita za ujazo milioni 70 kwa ajili ya wakazi wa Nairobi, haina mamba wala joto. Lakini ni hazina ya maji ya kunywa ya mji mkuu, imezungushiwa ulinzi, na jirani wake hana ruhusa ya kuifanya bustani ya nyumbani. Mahali hapo pote pawili ni pa kwenda Jumamosi na watoto, na vyakula katika kikapu, kisha mkarudi.

Basi tukisema maji yaendayo, ya juu na ya baridi, je, tumekwisha kupata salama? Bado, kwani mto wa mlimani una tabia mbili, na mnunuzi huonyeshwa moja. Dalali mwerevu humleta mgeni Januari au Julai, jua likiwa la wastani na maji yakiwa mepesi juu ya mawe. Mgeni hapati kuuona mto wa mwisho wa Aprili, wakati masika yamekaza, maji yamekuwa mekundu kwa udongo wa mashamba ya juu, na magogo yanapita kwa kasi ya gari. Nchi yetu imefunzwa somo hili kwa msiba. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la binafsi lilipasuka Solai, kaunti ya Nakuru, likaua watu zaidi ya 40, wakiwamo watoto. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiwa na takataka chini ya njia ya reli yalivunja kizuizi na kuvifagia vijiji vilivyolala, wakafa makumi ya watu. Katika majuma hayo hayo mabwawa ya Tana yalijaa yakamwagika, na watu wa Garissa wakahama makwao. Wengi wa waliofikwa na maafa hayo walikuwa wakiishi mahali ambapo kwa miaka mingi palionekana pa amani. Kwa sababu hiyo mzazi asiridhike kuuliza kama mto huu hufurika. Na aulize nini kilicho juu ya mto: bwawa la nani, daraja gani, kalvati gani, msitu uliobaki au mlima uliokatwa miti. Na swali hilo asimwulize dalali. Amwulize mzee wa mtaa, au mama aliyeteka maji hapo miaka arobaini, ambaye atamwonyesha kwa kidole alama ya maji katika shina la mti.

Tabia ya pili ya mto ni ya ukame, nayo inaonekana zaidi upande wa Nanyuki na Naro Moru. Mito ile hutumikia wakulima wadogo, mashamba ya maua na mboga yanayouza Ulaya, hoteli, miji, na mbali huko chini wafugaji wa Laikipia, Isiolo na Samburu. Tangu miaka ya 1990 ugomvi wa maji katika bonde la Ewaso Ng'iro umekuwa wa kila kiangazi, na ndio uliozaa jumuiya za watumiaji wa mito, ambazo Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilizipa nafasi rasmi, na ambazo hukutana kugawana zamu za kufungua na kufunga mifereji. Mwezi wa Februari mto uliokutongoza mwezi wa Juni waweza kuwa mstari wa mawe wenye vidimbwi. Aila inayohamia kando ya mto kama huo yapaswa kujiandikisha katika jumuiya ya mto wake, kuhudhuria mikutano, na kujua kwamba bomba la kumwagilia majani ya bustani katika mwezi huo linachota katika kikombe cha ng'ombe wa mtu aliyeko siku mbili za mwendo.

Sheria nayo ina neno, na ni neno ambalo wageni wengi hulisikia wakiwa wamekwisha kulipa. Katiba ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 62 kwamba mito na maziwa ni ardhi ya umma, na katika kifungu cha 65 kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99. Mkenya aliyechukua uraia wa nchi nyingine baada ya kuzaliwa Mkenya anaruhusiwa na Katiba hiyo hiyo kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo na ahakikishe kwanza karatasi zake kabla ya kuanza habari ya ardhi. Ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na bodi hairuhusiwi kumpa idhini asiye raia, ila kwa msamaha wa Rais. Na sehemu kubwa ya vipande vizuri vya kando ya mito ya Murang'a, Nyeri na Kirinyaga ni ardhi ya kilimo. Kisha ziko kanuni za mazingira za mwaka 2006, zinazozuia ujenzi katika ukanda wa ukingo usiopungua mita 6 na unaoweza kufika mita 30, kila upande, kuanzia pale maji yalipofika yalipojaa kuliko siku zote. Hebu tupime. Ploti ya kawaida ya Kenol au Nyeri ni ile ya futi 50 kwa 100. Futi 100 ni mita 30 na nusu. Ploti kama hiyo, ikiwa imeegemea mto kwa upande wake mfupi, yaweza kumezwa karibu yote na ukanda wa ukingo, mwenye ploti akabaki na hati iliyo sahihi na ardhi asiyoweza kuweka juu yake hata jiko. Wakazi wa Nairobi waliona mwaka 2018 majengo makubwa ya biashara yakibomolewa kwa sababu yalikaa juu ya mto, na mwaka 2024, baada ya mafuriko, nyumba za maskini zikabomolewa kwa sababu iyo hiyo. Tingatinga halikuuliza nani alikuwa na hati.

Kwa hiyo shauri langu kwa aila ya kigeni ni kupanga nyumba, si kununua, na nyumba yenyewe iwe juu ya ukingo, si ukingoni. Mjini Nyeri, upande wa Outspan na Kamakwa, zipo nyumba zilizoko juu ya bonde la Chania, ambazo zinausikia mto bila ya kuguswa nao, na kutoka huko hospitali, soko na shule ni karibu. Mjini Nanyuki zipo nyumba zenye kutelemkia mto Nanyuki au Likii ambazo zina ua, mlinzi na majirani wenye watoto. Ni katika miji hii miwili ningeyaweka makazi ya watoto wa umri wa miaka sita hadi kumi na minne, na kati ya hiyo miwili, kwa aila iliyo katika mtaala wa Uingereza, ningechagua Nanyuki, licha ya kiangazi chake kikali, kwa sababu mtoto atapata huko wenzake walio katika hali kama yake, na safari yake ya asubuhi itakuwa fupi. Kwa aila iliyo katika mtaala wa Kenya ningechagua Nyeri. Kenol ningeiacha kwa wale ambao mzazi mmoja anafanya kazi Nairobi au Thika na watoto wanasoma shule ya karibu; hao watapata nyumba nzuri, hewa njema na barabara ya upesi, wakiridhika kwamba maji yao ya kutazama ni ya mwisho wa juma, na ya kunywa ni ya bomba au ya kisima. Na kisima, po pote kilipo, maji yake yapimwe madini ya floraidi, kwa kuwa katika sehemu za nyanda za juu za Kenya madini hayo huwatia watoto madoa ya meno yasiyofutika, na madhara hutokea katika miaka ile ambayo meno ya kudumu yanaumbika ndani ya ufizi, kabla hayajaota.

Lipo jambo moja zaidi ambalo siwezi kulipita kimya, ingawa mikataba ya kupanga hailitaji. Mito hii ina njia za watu. Kuna njia za akina mama wanaoteka maji, za vijana wanaonywesha ng'ombe, za waumini wa makanisa yanayobatiza mtoni, na za watoto wanaokwenda kuvua. Mwenye kupewa nyumba ya mtoni akaziba njia hiyo kwa seng'enge na mbwa amewanyima jirani zake kitu ambacho sheria yenyewe imekiita cha umma, na amewanyima watoto wake kitu kikubwa zaidi, yaani watoto wengine. Nimeona aila zilizoacha njia wazi zikawa na watoto wenye kusema Kiswahili na Kikuyu kabla ya mwaka kuisha, na wanaojua jiwe lipi linateleza na kidimbwi kipi kina kina. Maarifa hayo ni ngao, ingawa hayatoshi: mtoto afundishwe kuogelea katika bwawa la shule au la hoteli, na asiruhusiwe kushuka mtoni bila ya mtu mzima, hasa mvua ikinyesha mlimani, maana maji huweza kuja kutoka juu ilhali jua linawaka nyumbani.

Wewe unayejiandaa kuja, au unayemwandalia ndugu yako nyumba, ninakuomba usitie saini mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja. Shule za mtaala wa Uingereza hufungua Septemba. Ukihamia Agosti utayaona maji ya vuli Oktoba hadi Desemba, ukame wa Januari na Februari, na masika ya Machi hadi Mei, na mwaka wa shule ukiisha Julai utakuwa umeujua mto katika hali zake zote, na mtoto wako atakuwa ameijua shule yake. Wa mtaala wa Kenya huanza Januari, nao wakikaa mpaka Novemba watakuwa wameonja hayo hayo kwa mpango mwingine. Wakati huo kaeni mezani pamoja na watoto, mwaulize wao kwanza, kisha ndipo mwite mwenye nyumba mzungumze habari ya miaka mingine.